Mshahara Upimwe kwa Chungu cha Nyumbani

Ifuatayo ni hotuba ya Katibu Mwenezi wa tawi, aliyoitoa mbele ya mkutano wa wafanyakazi na jamaa zao mjini Geita. Tunaichapa kama ilivyosemwa.



Nimeombwa niseme juu ya maendeleo ya nchi hii ya dhahabu na almasi, tangu Shinyanga mpaka hapa Geita. Nitasema. Lakini naomba ruhusa yenu nianzie mahali ambapo wasemaji wengi hawaanzii. Nitaanzia jikoni.

Mgeni akishuka basi hapa Geita usiku huona taa. Huona nyumba za kulala wageni, mabenki na magari makubwa. Huonyeshwa soko la dhahabu lililofunguliwa mwezi wa Machi mwaka 2019. Asubuhi huona wanaume kwa wanawake wamesimama kando ya barabara, wamevaa kofia ngumu, viatu vizito na vizibao vinavyong'aa, wakingoja gari la kuwapeleka kazini. Mgeni huyo husema moyoni: watu hawa wameshiba. Naye hurudi kwao na habari hiyo.

Na sisi wenyewe, ndugu zangu, tunamwacha aende na habari hiyo. Hatumwambii lolote. Hilo ndilo jambo lililonileta mbele yenu leo.

Tumezoea kumtambua maskini kwa nguo zake zilizochanika na kwa mkono wake ulionyooshwa. Lakini katika miji yetu ya migodi kuna umaskini wa namna nyingine. Huo una kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Huamka saa kumi ya usiku kuwahi zamu. Hupiga pasi shati. Hauombi mtu, wala haumo katika orodha ya wanaosaidiwa, kwa sababu una kazi. Nao ni umaskini kamili, ndugu zangu, wa kulala na njaa na wa kuamka na deni.

Nitawaambieni ninavyoufahamu. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 2019. Ajira ya Serikali ikakawia, kama ilivyokawia kwa wenzangu wengi, nami nikaja katika mji mmoja wa ukanda huu wa dhahabu kufundisha shule moja ya watu binafsi. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwetu Kishapu habari zikaenea: mtoto wa fulani ni mwalimu kule kwenye dhahabu. Mama yangu akaanza kuitwa Mama Mwalimu. Majirani wakaanza kumwendea kukopa, maana mwanawe yuko kwenye dhahabu.

Nilipanga chumba kimoja cha shilingi 60,000, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni shilingi 360,000, na mshahara wa kwanza sijaupokea. Nikaenda kwa wakopeshaji, ile mikopo ambayo ninyi wenyewe mmeipa jina lake la haki: kausha damu. Basi kila mwisho wa mwezi deni lilikuwa likinitangulia kufika mlangoni. Halafu maji ya kununua kwa dumu. Halafu mkaa. Halafu nauli. Unga ulikuja mwisho, ukikuta kilichobaki. Kabla ya tarehe 15 fedha imekwisha.

Saa ya chakula cha mchana wenzangu walikwenda kwa mama lishe. Mimi nilichukua madaftari ya watoto nikakaa kusahihisha, nikasema nimeshiba, nilikunywa chai nzito asubuhi. Siku moja mkubwa wangu wa kazi akanisifu mbele ya walimu wote. Akasema: mwigeni kijana huyu, hata saa ya kula yeye anafanya kazi. Nami nikatabasamu, nikaipokea sifa.

Mama yangu akaja kunitazama bila kunipa habari. Aliingia chumbani, akatazama jiko lililopoa, akafunua kopo la unga, akalifunika. Hakupiga kelele. Alifungua mzigo wake, akatoa michembe na karanga alizoniletea kama zawadi, akawasha jiko akapika. Tulipokwisha kula aliniuliza swali moja tu: "Ng'wanawane, huko shuleni mnawafundisha watoto kusema kweli?"

Sikuwa na jibu. Tangu mwezi ule kifurushi cha michembe, mahindi na karanga kilikuwa kikija kwa basi kutoka Kishapu. Mwaka mmoja baadaye ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa ameuza mbuzi wawili ili mwalimu wa kwenye dhahabu apate kula.

Sisemi haya ili mnionee huruma. Mimi leo ni mzima na nimeshiba. Nayasema kwa kuwa nilipoanza kuwaambia wenzangu ukweli, niligundua kwamba sikuwa peke yangu. Jirani yangu alikuwa mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi. Nilikuwa nikimwuliza, watoto wako wapi? Akisema, wako Maswa kwa bibi yao, kule hewa ni nzuri. Hewa nzuri! Siku aliyosema kweli aliniambia kwamba wale watoto hawakupelekwa kufuata hewa. Walipelekwa kufuata ugali.

Nendeni stendi mkatazame wenyewe. Tazameni vifurushi na magunia yanayoshuka kutoka Kishapu, Maswa, Bariadi na Sengerema. Yako ya biashara, ndiyo. Lakini yako pia madogo madogo, yamefungwa kwa kamba ya katani, yameandikwa jina la mtu na namba ya simu. Ndani yake mna michembe, matobolwa, dagaa, kunde. Huo ni mkono wa bibi kule kijijini unaomlisha mtu anayefanya kazi juu ya dhahabu. Siku zote twaambiwa kwamba dhahabu inavilisha vijiji. Katika nyumba nyingi nilizoingia mimi, vijiji ndivyo vinavyoilisha dhahabu.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mkoloni alikuwa na hesabu yake. Manamba wa mashamba ya mkonge alilipwa mshahara wa mseja, hata kama alikuwa na mke na watoto sita. Ilidhaniwa kwamba mke na watoto wamebaki kijijini, watajilisha kwa jembe lao. Babu zetu, Wasukuma na Wanyamwezi, wengi waliondoka kwao kwenda Tanga kwa mshahara wa namna hiyo. Faida ya shamba lile ilitoka katika jasho la manamba, na pia katika jasho la mkewe, ambaye hakuliona shamba lile hata siku moja.

Leo hakuna sheria inayosema mshahara wa mseja. Lakini nawauliza: mtu akilazimika kuwarudisha watoto wake kwa bibi yao ili mshahara wake umtoshe yeye peke yake, je, huo si mshahara wa mseja?

Nchi hii imezoea kupima madini kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi pale Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya rangi ya waridi, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Dunia nzima ilijua uzito wake: karati 54.5, mpaka ile nusu ya karati haikusahauliwa. Nani alipima chungu cha mtu aliyekuwa akichimba na kuchekecha? Hakuna mizani iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Hapa Geita mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu karibu milioni 3 katika mkoa huu. Dhahabu yote inayouzwa kihalali imepimwa kwa gramu. Je, sufuria zimepimwa?

Sasa tuangalie jinsi umaskini huu unavyofanya kazi, maana adui usiyejua njia zake huwezi kumzuia.

Kwanza ni bei. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 2025, bei ya aunsi moja ya dhahabu ilipita dola 4,000 katika soko la dunia. Aunsi moja ni gramu 31 na kidogo. Habari kama hiyo ikifika Geita, wa kwanza kuisikia ni mwenye nyumba. Huweza kupandisha kodi, kwa kuwa anajua atakuja mpangaji mwingine mwenye fedha za dhahabu. Muuza nyama naye hapimi kilo kwa mshahara wako, hupima kwa mfuko wa mteja tajiri aliyesimama nyuma yako. Lakini mshahara wa mlinzi, wa mpishi, wa mfagiaji na wa mwalimu hauijui bei ya dunia. Huo hukaa pale pale.

Pili ni kazi yenyewe. Watu husema "mfanyakazi wa mgodi" kana kwamba ni mtu wa namna moja. Wako walioajiriwa na mgodi wenyewe, ambao aghalabu hali yao ni nafuu. Lakini wako wengi walioajiriwa na wakandarasi: walinzi, madereva, wapishi, wafua nguo. Mkataba wa mkandarasi ukiisha, kazi yao nayo huisha. Na nyuma yao wako watu wanaofanya kazi katika nyumba za hao hao. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini katika makampuni ya uchimbaji kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Amri hiyo hiyo iliweka kima cha mtumishi wa nyumbani wa kawaida kuwa shilingi 120,000 kama halali kwa mwajiri, na shilingi 60,000 kama analala pale. Viwango hivi hupandishwa kila baada ya muda, na ni vizuri. Lakini sokoni hakuna nyanya za mtumishi na nyanya za fundi mkuu. Nyanya ni zile zile.

Tatu ni wachimbaji wadogo, ndugu zetu wa maduarani. Huyu hana mshahara kabisa, ana mgao. Mawe yakitoka, mwenye leseni huchukua fungu lake, mwenye duara lake, ndipo wachimbaji wagawane mifuko iliyobaki. Kisha kuna gharama za karasha na za kuchenjua. Mawe yakiwa na dhahabu, mtaa mzima husikia. Mawe yakiwa matupu, hakuna anayesikia. Mwanamume muda wote huo anakula pale duarani, ugali na maharage ya mwenye duara, maana bila kula hawezi kushuka shimoni. Mkewe na watoto hawamo katika hesabu ya sufuria ile. Miezi inapita. Mama huyo huenda kuokota mawe yaliyotupwa, akayaponda kwa nyundo juani na mtoto mgongoni, apate japo fedha ya kibaba. Ukimwuliza mumewe kazi yake, atasema kwa kujivuna: mimi ni mchimbaji wa dhahabu.

Nne ni aibu, nayo ndiyo kufuli ya mlango wote. Katika mji wa pamba, mvua isiponyesha, wote huona shamba limekauka, hakuna anayemcheka mwenzake. Lakini katika mji wa dhahabu, ukikosa, watu husema wewe ni mjinga, au una mkosi, au umelogwa. Basi mtu huficha. Mama huchemsha maji jioni ili jirani aone moshi. Mtoto huambiwa, ukiulizwa sema tumekula wali. Elimu bila malipo imekuja tangu mwaka 2016, na sare mtoto anayo, imefuliwa. Mwalimu naye huona sare. Njaa haionekani kwa juu ya sare.

Wako watakaosema: huyu kijana anawatetea wazembe, wafanyakazi hawa hunywa mishahara yao. Nami sitadanganya, wako wanaokunywa. Wako waliouza mifuko ya mawe leo, kesho wakaamka mikono mitupu. Hao tuwaonye, na wake zao tuwasikilize. Lakini yule mama anayefua nguo za watu nyumba nne kwa siku, hanywi. Yule mlinzi wa zamu ya usiku, anayefunga maduka mchana ili apate fedha ya pili, hanywi. Tusitumie kosa la wachache kama pazia la kufunikia shida ya wengi.

Wengine watasema: takwimu za Serikali zipo. Ni kweli. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya lazima kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta kwamba watu 26 katika kila 100 Tanzania Bara wako chini ya mstari huo. Kazi hiyo ni ya maana. Lakini mstari wa nchi nzima hauwezi kutuambia habari za chumba kwa chumba katika mtaa wetu. Hauwezi kutuambia kwamba mtu fulani yuko juu ya mstari kwa sababu watoto wake watatu wako kwa bibi. Hayo ni yetu sisi kuyajua na kuyasema.

Na hapa ndipo nataka tuwakumbuke wazee wetu wakulima wa pamba. Kabla ya ushirika waliuza pamba kwa wanunuzi wasioaminika mizani yao. Mkulima alijua moyoni kwamba anapunjwa, lakini kila mtu alijua peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake walianza na jambo dogo kabisa: wakawa na wapimaji wao wenyewe wa kuitazama mizani. Uzito ulipojulikana, maneno yakawa na nguvu. Mwaka 1955 vyama vile vya ushirika vilikwisha kuungana pamoja, vikawa moja ya miungano mikubwa ya ushirika katika Afrika. Yote yalianzia kwenye mizani.

Basi nasi tuwe na mizani yetu. Mizani yetu ni chungu cha nyumbani. Naomba mambo manne.

La kwanza, kila nyumba iliyoko hapa iwe na daftari kwa mwezi mmoja. Andikeni kilichoingia na kilichotoka: kodi, maji, mkaa, unga, deni. Andikeni pia gunia lililotoka kijijini na thamani yake, maana hilo nalo ni mshahara ambao mwajiri hakuulipa. Mabalozi wa nyumba kumi wayakusanye bila majina, yasomwe katika mkutano wa mtaa. Siku ile tutashangaa kuona kwamba kila mmoja alikuwa akificha siri ile ile.

La pili, mtu asifanye kazi bila mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake masharti ya kazi kwa maandishi. Mkidhulumiwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Viko vyama vya wafanyakazi wa migodi, TAMICO na NUMET. Lakini chama hakiwezi kumtetea mtu anayesema kila siku kwamba hali yake ni nzuri.

La tatu, tuiulize halmashauri yetu. Makampuni ya migodi hulipa ushuru wa huduma kutokana na mauzo yao, na tangu sheria ya mwaka 2017 hutakiwa kila mwaka kuwa na mpango wa kuisaidia jamii, unaokubaliwa pamoja na halmashauri. Tusiulize kwa matusi, tuulize kwa daftari mkononi. Mimi naona, kabla ya mnara au lango la kupendeza, kwanza uji na chakula cha mchana kwa kila mtoto wa shule. Mtoto akila shuleni mbele ya wenzake wote, hakuna anayejua nani amekuja na njaa. Hapo aibu imekwisha bila mtu kuaibishwa. Tuulize pia mikopo isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Imefika kwa mama wa mawe, au imeishia kwa wanaojua njia?

La nne, tununue pamoja. Mahindi wakati wa mavuno ni rahisi, kabla ya mavuno ni ghali. Nyumba ishirini zikiweka akiba kila juma na kununua magunia yao wakati wa mavuno, hazitamhitaji kausha damu katika mwezi wa Januari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ndicho tunachokihitaji.

Ndugu zangu, namalizia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kilichozaliwa ni mbuzi wawili wa mama kuuzwa. Vijana wenzangu, mwandikieni mama zenu kweli. Msiwatumie picha ya kofia ngumu bila kuwaambia kilichomo sufuriani. Na ninyi wakubwa wa kazi, mkimwona kijana asiyekwenda kula, msiharakishe kumsifu kwa bidii. Mwulizeni kwanza kama amekula.

Mkiniuliza ni lini nitakubali kwamba dhahabu imetulisha, jibu langu ni hili. Nitakwenda stendi nikatazame magunia. Siku nitakapoona yanapakiwa hapa Geita kwenda Kishapu, kumfikia bibi aliyetulisha miaka yote hii, siku hiyo nitakubali.